Neno "bearded" kwa waongoza watalii, wahudumu na vinyozi wa Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waongoza watalii, madereva wa safari, wapagazi wanaojiandaa kwa usaili wa uongozaji, wahudumu wa hoteli na vinyozi wa Arusha na Moshi, watu ambao Kiingereza ni kitendea kazi chao cha kila siku. Neno lenyewe ni dogo, lakini utalikuta kwenye kitabu cha ndege, kwenye kundi la nyumbu, kwenye miti ya Kilimanjaro na kwenye uso wa mgeni aliyekaa kiti cha nyuma. Nimeyakusanya maswali ninayoulizwa zaidi na wanafunzi wangu. Mengine yana jibu refu, mengine mistari miwili inatosha. Msimamo wangu nautanguliza kabisa: kwa wanyama, ndege na mimea, litumie neno hili bila woga, kwa binadamu, litumie kwa uangalifu.

"Bearded" maana yake nini?

Mwenye ndevu. "A bearded man" ni mwanamume mwenye ndevu. Kiswahili hubadilisha umbo kufuata ngeli, ndiyo maana tunasema ndege mwenye ndevu, ngano yenye ndevu, miti yenye ndevu. Kwa Kiingereza hapo umepumzika: "bearded" haligeuki, awe mtu, ndege, ngano au mti, mmoja au wengi.

Linatamkwaje? Wageni wangu hawanielewi nikilitamka.

Lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza: "bia-did". Tahajia ndiyo inayowapoteza watu. Mtu anaona "bear", yaani dubu, anatamka "bea", kisha anaongeza "ded". Wengine wanafuata "heard". Achana na herufi, fuata sauti. Tamka "bia" ya kunywa kama unavyoitamka siku zote, halafu ifunge kwa "d". Hapo umepata "beard". Ongeza "id" mwishoni, umepata "bearded".

Kosa linaloiumiza kazi yetu kuliko yote ni kuchanganya "beard" na "bird". Katika "bird" irabu ni moja tu, inatokea katikati ya mdomo na inavutwa kidogo, midomo haitanuki. Katika "beard" unaanza na "i" iliyo wazi kisha unashuka. Ukisema "look at his bird" huku unamwonyesha mgeni koo la nyumbu, mgeni atapandisha darubini juu kutafuta ndege. Fanya mazoezi ya maneno haya mawili yakifuatana, "bird, beard, bird, beard", mpaka mwenzako aliyefumba macho aweze kukwambia umesema lipi.

Mbona linaisha na -ed kama kitenzi cha wakati uliopita? Nani kamtia ndevu?

Hakuna aliyemtia. Hii -ed haikutoka kwenye kitenzi. Imebandikwa kwenye nomino "beard" ili kuunda kivumishi chenye maana ya "mwenye kitu fulani", kazi ileile inayofanywa na -enye kwetu. Swali hili nalipenda kwa sababu ukilielewa jibu lake, nusu ya majina ya wanyama na ndege wa Kaskazini yanakufungukia yenyewe.

Angalia. "Bat-eared fox" ni mbweha mwenye masikio kama ya popo. "Black-maned lion" ni simba dume mwenye manyoya meusi shingoni. "Lilac-breasted roller" ni ndege yule mwenye kifua cha zambarau mpauko ambaye kila mgeni anataka kumpiga picha Tarangire. "Long-crested eagle" ni tai mwenye kishungi kirefu kichwani, "red-billed oxpecker" ni ndege mwenye mdomo mwekundu anayetua migongoni mwa nyati na twiga. "Spotted hyena" ni fisi mwenye madoa. Yote haya ni majina ya viungo au alama za mwili yaliyoongezewa -ed, na ukikutana na jina geni kwenye kitabu unaweza kulifasiri mwenyewe kabla hujamuuliza mtu.

Angalia mambo mawili unapoyaandika na kuyatamka. Maneno yakiwa mawili kabla ya nomino, huunganishwa kwa kistari: "white-bearded", "black-maned". Na -ed hutamkwa "id" pale tu inapofuata "t" au "d", kama katika "bearded", "spotted" na "crested". Kwingine ni "d" tupu: "maned" ni "meind", "billed" ni "bild". Wanafunzi wengi husema "bil-led" na "mei-ned", silabi mbili kamili. Mgeni anaelewa, ila sikio lake linajikwaa.

Nikisema "he has beards" nimekosea wapi?

Umefikiri kwa Kiswahili. Kwetu ndevu ni nyingi: ndevu zake, ndevu zimeota, ndevu ndefu. Udevu ni unywele mmoja, na mara chache mtu anautaja. Mwingereza anaangalia kichaka chote kwa pamoja na kukihesabu kimoja, kwa hiyo mtu mmoja ana "a beard". "He has a beard." "His beard is long." Akizinyoa, "he has shaved it off", siyo "them". "Beards" ni ndevu za watu wengi: "the three brothers all have long beards".

Nywele ni kosa hilohilo. "Her hairs are beautiful" inasikika kama unazungumzia nywele chache zilizobaki kwenye kitana. Sema "her hair is beautiful". Udevu mmoja ulioangukia kwenye shati ni "a hair from his beard", au "a whisker".

Nimeliweka swali hili karibu na mwanzo kwa sababu ni kosa ninaloliona hata kwa watu walioongoza watalii miaka mingi, wenye Kiingereza kizuri kabisa. Halikosi kueleweka. Lakini linarekebishika kwa siku moja, na kulirekebisha kuna faida kwenye usaili.

"He is bearded" au "he has a beard"?

Katika mazungumzo, "he has a beard" karibu kila mara. "He is bearded" ni sahihi kisarufi lakini ina harufu ya maandishi: taarifa ya polisi, simulizi, maelezo ya picha. Rafiki akikuuliza kwenye simu mgeni unayekwenda kumpokea KIA anafananaje, jibu la kawaida ni "he's tall and he's got a beard". Ukiandika barua pepe ofisini kueleza mgeni aliyesahau begi garini, hapo "a tall, bearded man in a green jacket" inakaa vizuri, kwa sababu umebana maelezo mengi kwenye sentensi moja.

Chunga pia nomino isidondoke. "He is a bearded" haijakamilika. Ama "he is bearded", ama "he is a bearded man". Mpangilio nao ni mmoja: kivumishi hutangulia. "A man bearded" ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza.

Je, ni utovu wa adabu kumwita mgeni "the bearded man"?

Mwingereza au Mmarekani hatalichukua kama tusi, lakini ataona umemtambulisha kwa uso wake badala ya jina lake. Kwa kazi yetu hiyo haitoshi. Jina unalo kwenye orodha, litumie. Kama hulikumbuki na lazima umtofautishe na wenzake, "the gentleman with the beard" ni laini zaidi, maana mtu ametangulia na ndevu zimefuata nyuma. Mhudumu wa mezani anayemwelekeza mwenzake naye aseme hivyo, kwa sauti ndogo.

Wakumbuke pia wageni wa Kisikh. Kwao kutokata nywele wala ndevu ni sehemu ya imani, sawa na kilemba. Jumuiya ya Kisikh ipo Arusha na Moshi tangu zamani, kwa hiyo wengi wetu tumekua tukiwaona, lakini mgeni hakujui. Usifanye ndevu zake kuwa mada ya utani garini, na kinyozi wa hoteli asimpendekezee kuzipunguza. Kwa Waislamu wengi pia ndevu zina uzito wa dini. Ukikaa kimya kuhusu uso wa mtu hutakosea kamwe.

Kwa mwanamke usilitumie neno hili hata kwa mzaha. Na redio ya gari mjihadhari nayo: madereva wanaitana na kuwapa wageni majina ya utani wakidhani hakuna anayesikia, lakini neno la Kiingereza likiingia katikati ya Kiswahili ndilo pekee mgeni anaganda nalo.

Kuna tofauti gani kati ya "clean-shaven", "beardless", "unshaven" na "stubbly"?

Tofauti ni kubwa, na Kiswahili hapa kinahitaji maneno mengi kuliko Kiingereza.

"Clean-shaven" ni mtu aliyenyoa uso wote ukabaki laini. Angeweza kuwa na ndevu, ameamua kutokuwa nazo. Ni neno la heshima, na ndilo linalofaa kwenye maelezo ya unadhifu kazini. "Beardless" ni asiye na ndevu, na mara nyingi linamgusa kijana ambaye bado hazijaota; kumwita mtu mzima hivyo kunaweza kusikika kama kumwambia hajakomaa. "Unshaven" ni mtu ambaye alipaswa kunyoa na hakunyoa. Ndani yake kuna lawama kidogo, kama mtu aliyelala vibaya au anayeumwa. Mgeni anayeshuka kutoka kileleni baada ya siku saba mlimani ni "unshaven", na hapo hakuna anayemlaumu.

"Stubbly" limetoka kwenye "stubble", neno lilelile la mabua yanayobaki shambani baada ya kuvuna ngano au mahindi. Ukipita West Kilimanjaro baada ya mavuno, kile kilichosimama kifupi na kuchoma miguu ni "stubble". Kidevu cha mtu ambaye hajanyoa siku mbili tatu kinakwaruza vivyo hivyo. Siku hizi wapo wanaozibakiza hivyo makusudi na kuzitunza, kwa hiyo neno hili halina lawama iliyomo kwenye "unshaven".

Utasikia pia "five o'clock shadow". Mtu ananyoa asubuhi, na ikifika jioni weusi wa ndevu zinazochomoza unaonekana kwenye ngozi kama kivuli. Saa hiyo ni ya kwao: "five o'clock" ni saa kumi na moja jioni. Usiitafsiri saa tano.

"Bearded" linachukua na masharubu?

Siyo lazima. Kwa Kiingereza "beard" ni ya mashavuni na kidevuni, na masharubu yana jina lake, "moustache". Zikiungana zote ni "a full beard". Mfano mzuri ni Abraham Lincoln. Oktoba 1860, kabla ya uchaguzi wa Marekani, msichana wa miaka 11 wa Westfield, New York, Grace Bedell, alimwandikia barua akimshauri afuge ndevu kwa sababu uso wake ulikuwa mwembamba mno. Lincoln alizifuga, akaingia madarakani nazo, lakini mdomo wa juu aliendelea kuunyoa. Picha zake zinamwonyesha "bearded" kabisa, na hana masharubu. Kinyume chake, Mwalimu Nyerere alikuwa na masharubu madogo. Ukimweleza mgeni picha yake iliyotundikwa ukutani, sema "with a small moustache". Kumwita "bearded" ni kosa.

Na mitindo mingine, mzuzu, sharafa?

Mzuzu, zile za kidevuni tu, ni "goatee". Neno limetoka kwa "goat", mbuzi, na ukimtazama beberu yeyote huhitaji maelezo. Sharafa ni "sideburns". Hili lina mtu nyuma yake: Ambrose Burnside, jenerali wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyefuga ndevu nene mashavuni zikaungana na masharubu huku kidevu kikiwa kimenyolewa. Watu waliziita "burnsides", baadaye silabi zikapinduliwa zikawa "sideburns".

"Whiskers" linahitaji uangalifu. Zamani lilikuwa la ndevu za mashavuni, na bado lipo kwa maana hiyo, lakini kwa kazi yako ni zile sharubu ngumu za paka, chui na simba. Kwenye uso wa simba sharubu hizo zimeota kwenye vidoa vyeusi vilivyopangika kwa safu, na mpangilio wa vidoa hivyo ndio watafiti wanaoutumia kumtambua simba mmoja na mwingine. Vidoa hivyo ni "whisker spots". Mgeni mwenye lenzi ndefu atafurahi ukimwambia azitazame.

"White-bearded wildebeest" ni nyumbu gani? Si wote wana ndevu?

Wote wana ndevu, majike kwa madume, ila rangi si moja. Ndevu za nyumbu ni yale manyoya marefu yanayoning'inia kooni na kushuka kuelekea kifuani, na ukimwona akikimbia jua likiwa nyuma yake zinang'aa kama uzi. Kusini mwa Afrika nyumbu wa kawaida ana ndevu nyeusi. Kwetu Kaskazini ni nyeupe, ndiyo maana jina likabeba rangi.

Na weupe wenyewe wamegawanyika. Wa Serengeti na Ngorongoro ni "western white-bearded wildebeest", kwa jina la kisayansi Connochaetes taurinus mearnsi, na ndio wadogo na weusi zaidi kwa rangi ya mwili. Wa mashariki ya Bonde la Ufa, wanaotembea kati ya Tarangire na uwanda wa Simanjiro, ni "eastern white-bearded wildebeest", Connochaetes taurinus albojubatus, wenye mwili mpauko zaidi. Maana yake mgeni anayeanzia safari Tarangire na kumalizia Serengeti ameona nyumbu wa aina mbili, na mara nyingi anarudi kwao bila kuambiwa. Mwambie. Simama Tarangire, mwonyeshe rangi ya ubavu, mwombe apige picha, kisha mkifika Ndutu mlinganishe. Habari ya aina hii ndiyo inayomfanya mgeni akumbuke jina la aliyemwongoza.

Kwa kuandika, kistari kinabaki: "white-bearded". Ukikiondoa, mtu anaweza kudhani nyumbu ndiye mweupe.

Ni ndege gani wenye jina hili?

Wa kwanza ni "bearded vulture", Gypaetus barbatus, ambaye vitabu vingine vinamwita "lammergeier". Anakaa milima mirefu yenye miamba, na kwetu ni wa nyanda za juu za Kaskazini, Kilimanjaro ikiwemo. Ni adimu, kwa hiyo usimwahidi mgeni. Mabawa yake yakitandazwa yanapita mita 2, mkia una umbo la kabari, na ndevu zake ni kishungi cha manyoya magumu meusi kinachoning'inia chini ya mdomo. Chakula chake kikuu ni mifupa. Mfupa mkubwa anaupandisha juu, anauachia juu ya mwamba uvunjike, kisha anashuka kumeza vipande. Ile rangi ya kutu kifuani mwake anajipaka kwa kuoga kwenye udongo wenye chuma.

Wa pili ni "bearded woodpecker", kigong'ota mkubwa wa mbuga zenye miti. Huyu hana ndevu za kushika. Ana mabaka meusi kwenye uso mweupe, na dume ana wekundu nyuma ya kichwa. Hili ni jambo la kuzingatia: kwenye majina ya ndege, "bearded" na "moustached" mara nyingi ni rangi tu. "Moustached tinkerbird" wa misitu ya milima yetu ni hivyohivyo, masharubu yake ni mstari mweupe. Jina lake la kisayansi, Pogoniulus leucomystax, limebeba ndevu na masharubu kwa Kigiriki. Mgeni akikuuliza ndevu ziko wapi, mwonyeshe baka, usianze kutafuta manyoya.

Kwenye Kilimanjaro tunasema "old man's beard". Ni sahihi?

Ni sahihi, na ni moja ya majina mazuri tuliyonayo mlimani. Yale manyoya ya kijani kijivu yanayoning'inia kwenye miti, kuanzia msitu wa juu karibu na Mandara, mita 2,700, hadi kwenye mierika mikubwa ya juu yake, ni kuvumwani wa jenasi ya Usnea. Jina lake la Kiswahili linaeleza kila kitu: kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Kwa Kiingereza ni "lichen", na wengi hutamka "laiken".

Swali la pili la mgeni huwa ni kama inaunyonya mti. Hainyonyi. Haina mizizi; imejishika tu kwenye gome, na maji yake inayapata kwenye ukungu na mvua. Haipendi hewa chafu, kwa hiyo wingi wake ni dalili ya hewa safi. Usiichume, ni hifadhi. Lakini ukikuta kipande kimeanguka njiani, kishike na uvute uzi mmoja taratibu kwa ncha za vidole: ganda la nje linakatika kwa vipande, na katikati unabaki uzi mweupe unaovutika kidogo kabla ya kukatika. Hiyo ndiyo alama ya Usnea. Mwachie mgeni auvute mwenyewe, kisha kirudishe chini.

Jina hili lina mitego miwili. Kwa Waingereza "old man's beard" ni pia mmea wa kutambaa wa kwao, aina ya Clematis, kwa hiyo taja Usnea mara moja ili msipishane. Wamarekani wa majimbo ya kusini watasema "Spanish moss", kwa sababu kwao kuna kitu kinachoning'inia vivyo hivyo kwenye miti. Hicho ni mmea wa maua wa familia ya nanasi, hauna undugu na huu wetu.

Ukitaka kulitumia "bearded" lenyewe, "trees bearded with lichen" ni Kiingereza kizuri, cha maandishi.

Ngano nayo ina ndevu?

Ndiyo. "Bearded wheat" ni ngano ambayo masuke yake yana zile nyuzi ndefu ngumu. Shayiri karibu yote iko hivyo. Mashamba ya West Kilimanjaro, Monduli na Karatu yanatosha kukupa mfano ukiwa barabarani.

"To beard the lion in his den" maana yake nini?

Kumkabili mtu mwenye nguvu kwake mwenyewe: kuingia ofisini kwa bosi na kumwambia lile ambalo wengine wanasemea koridoni. Hapa "beard" ni kitenzi, kumshika mtu ndevu kwa ujasiri. Picha hiyo ni ya zamani sana. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 17, Daudi anamweleza Sauli jinsi alivyokuwa akiwashika ndevu wanyama wakali waliovamia kondoo wa baba yake na kuwaua. Ukimsikia mgeni anaisema mkiwa Serengeti, ujue anacheza na maneno, hana mpango wa kushuka garini. Hata hivyo mkumbushe asishuke.

Mimi ni kinyozi Moshi. Mgeni akisema "clean up my beard" nimnyoe zote?

Hapana! Anataka uzipange: kingo, shingo, zile zilizochomoza nje ya mstari. Swali hili lina hasara ya kweli, maana ndevu ulizozikata huwezi kuzirudisha na mgeni alizifuga miezi. "Trim" ni kupunguza. "Shave" ni kunyoa mpaka ngozi. "Line it up" au "shape it up", ambazo utazisikia zaidi kwa Wamarekani, ni kuchonga mistari. Neno pekee linalokuruhusu kuondoa zote ni "shave it off" au "take it all off", na hata hapo rudia kumuuliza.

Kabla hujawasha mashine, uliza sentensi tatu hizi: "A trim or a shave?" "How short?" "Shall I keep the moustache?" Akijibu kwa namba, kwa kawaida namba moja ni milimita 3, mbili ni 6, tatu ni kama 10. Mwonyeshe kichanio chenyewe mkononi, kwa sababu namba za mashine za kampuni tofauti hazilingani sawasawa. Halafu anza na kile kirefu.

Naweza kusema "more bearded"?

Epuka. Sema "heavily bearded" au "thickly bearded" kwa ndevu nyingi, au kirahisi zaidi, "he has a thicker beard".

"Beardy" ni sawa na "bearded"?

Hapana. Ni neno la mitaani la Uingereza na lina kejeli kidogo ndani yake. Waachie wenyewe.

"Moustache" au "mustache"?

Ya kwanza ni ya Uingereza, ya pili ya Marekani. Vitabu vingi vya ndege vinavyotumika kwetu vinaandika "moustached", kwa hiyo ukijaza orodha ya ndege ya siku, andika hivyo.